Televisheni, Spika na Ekstensheni: Namna ya Kununua kwa Busara

Apitaye katika kota za askari hapa Uganda jioni ya Jumamosi hakosi kusikia sauti za spika zikipokezana kutoka dirisha moja hadi jingine. Redio ya betri iliyokuwa fahari ya sebule za wazee wetu imeziachia nafasi televisheni bapa, dikoda, mashine ya sahani za DVD, amplifaya yenye spika tano, na sabufa iliyoketi pembeni kama mzee wa baraza. Hiyo si anasa ya kulaumiwa. Askari aliyekesha lindoni anastahili kutazama mpira au sinema pamoja na watoto wake, na mtoto anayetazama nyumbani ni mtoto ambaye mama yake anajua alipo.

Walakini, vyombo hivyo vyote, ambavyo huenda vimekula akiba ya mwaka mzima, mara nyingi hutegemea kitu kimoja kisichoangaliwa na mtu: ekstensheni, yaani ule ubao wenye soketi nyingi uliolala nyuma ya kabati. Amplifaya huchaguliwa kwa majuma matatu. Ekstensheni huchaguliwa kwa dakika tatu, tena kando ya barabara. Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unataka kuisemea ekstensheni, na pia chombo kipya kinachonadiwa madukani kwa jina la sikwensa.

MOTO ULIOANZIA CHINI YA ZULIA

Katika mstari wa nyumba ninamoishi kuna familia ya sajini mmoja. Usiku mmoja umeme ulikatika wakati binti yao mkubwa alipokuwa akipiga pasi sare ya baba yake, na wadogo zake wawili wakitazama katuni. Giza lilipoingia, binti aliisimamisha pasi juu ya meza akaenda kutafuta mshumaa. Televisheni, amplifaya na sabufa ziliachwa kama zilivyokuwa. Wadogo wakasinzia palepale juu ya zulia.

Umeme ulirudi usiku wa manane. Hakuna aliyekumbuka pasi. Mama alizinduliwa na harufu ya plastiki inayoungua. Alikimbilia swichi kuu akaizima, kisha akawavuta watoto, akalifunua zulia. Waya wa ekstensheni, uliokuwa umekunjwa na kufichwa chini yake ili sebule ipendeze, ulikuwa umeyeyuka na kushikamana na sakafu, kama hatua mbili tu kutoka kichwa cha mtoto mdogo. Namshukuru Mungu kwamba kisa hiki nakisimulia kama onyo, si kama taarifa ya msiba.

Siku ya pili sajini alikwenda mjini na kurudi na ushauri wa mwenye duka: anunue sikwensa yenye soketi nane, mashine ya chuma yenye taa nyingi, na hataunguza kitu tena. Bei yake ilikaribia ile ya televisheni yenyewe.

“Baba watoto,” mkewe akasema, “kabla hatujatoa fedha, tumwite fundi atuambie kwanza ni nini kilichoungua.”

Neno hilo la mama ndilo msingi wa makala haya.

HESABU NDOGO YA FUNDI

Fundi aliyekuja ni mzee aliyetia nyaya katika majengo mengi. Aliiokota ile ekstensheni, akaitazama, akauliza, “Mama, kwenye hii mlichomeka nini?”

“Televisheni na vyombo vya muziki, mzee. Na pasi.”

“Basi televisheni haina hatia,” akajibu. “Mwenye hatia ni pasi, pamoja na waya huu mwembamba.”

Umeme wa majumbani hapa kwetu ni volti 240. Ukitaka kujua chombo kinavuta ampea ngapi, chukua wati zilizoandikwa nyuma yake ugawanye kwa 240. Tuchukue mfano wa sebule ya kawaida: televisheni ya inchi 43 wati 100, dikoda 20, mashine ya DVD 20, amplifaya inayosikilizwa kwa sauti ya kiasi 150, sabufa 60. Jumla ni wati 350, ambazo hazifiki hata ampea 2. Usitishwe na maelfu ya wati yaliyochapwa kwenye boksi la spika. Mengi ni maneno ya kuvutia mnunuzi. Itazame ile bamba ndogo iliyo nyuma ya chombo.

Sasa ongeza pasi ya wati 1,600. Peke yake inavuta ampea karibu 7, na pamoja na vyombo vingine zinakaribia au kufikia 8. Waya wa ekstensheni ile ulikuwa wa unene wa milimita za mraba 0.75, ambao haupaswi kubeba zaidi ya ampea 6. Tena ulikuwa umekunjwa na kufunikwa, hivyo joto lake halikupata pa kutokea.

“Lakini fyuzi ilikuwa wapi?” sajini akauliza.

Fundi alifungua plagi. Ndani mlikuwa na karatasi inayong’aa ya pakiti ya sigara, imeviringishwa mahali pa fyuzi. Sajini aliinamisha kichwa. Aliitia kwa mkono wake mwenyewe fyuzi ya zamani ilipokatika.

“Nikuambie kweli, afande,” mzee akasema kwa upole. “Hata ungeweka fyuzi halisi ya ampea 13, isingekatika, maana ampea 8 ni chini ya 13. Fyuzi haiangalii waya. Huangalia namba yake tu. Ni juu yako wewe kuipatanisha na waya.”

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tukumbuke kanuni hii: fyuzi isizidi uwezo wa waya mwembamba kuliko wote katika mnyororo. Ekstensheni ya sebule yenye televisheni na amplifaya ya kawaida yatosha kuwa na fyuzi ya ampea 5. Fyuzi ya ampea 13 iwekwe pale tu waya unapoweza kubeba ampea hizo. Na soketi nyingi haziongezi umeme hata kidogo. Ekstensheni ya soketi 4 na ya soketi 8 zote hunywa kutoka bomba moja, yaani plagi moja ya ukutani, ambayo mwisho wake ni ampea 13, au wati 3,120.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Habari njema ni kwamba, kwa kuwa vyombo vya sinema ya nyumbani hula umeme kidogo, huhitaji ekstensheni ya bei kubwa. Unahitaji ekstensheni ya kweli. Hata hivyo, kwa nyumba yenye watoto na yenye pasi, nunua iliyo imara kuliko hesabu ya leo, maana kesho mtu atasahau. Mwombe mwenye duka ruhusa uikague hivi:

Kwanza, soma maandishi yaliyochapwa juu ya waya. Tafuta namba 3 ikifuatwa na unene. Namba 3 maana yake ni nyaya tatu ndani: wa moto, wa kurudisha umeme, na wa ethi. Unene wa milimita za mraba 1.0 hubeba ampea 10, 1.25 hubeba ampea 13, na 1.5 ni bora zaidi. Waya usio na maandishi yoyote uache hapohapo.

Pili, tazama plagi. Pini zake tatu ziwe za shaba nyeupe au njano, imara, zisizocheza. Ile pini ndefu ya juu ndiyo ya ethi. Ikiwa ni ya plastiki, jua kwamba ekstensheni hiyo haina ethi, hata kama soketi zake zina matundu matatu. Ukiwa na sumaku ndogo iliyotoka katika spika mbovu, iguse kwenye pini. Shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, umeuziwa bati lililopakwa rangi.

Tatu, chomeka na uchomoe plagi mara mbili au tatu. Soketi nzuri hushika. Soketi inayolegea hutoa cheche, na cheche huzaa joto. Jihadhari hasa na zile soketi zenye matundu ya kupokea plagi za kila taifa. Nyingi hazina vifuniko vya ndani vya kuzuia kidole au msumari wa mtoto, na plagi zetu hazikai vizuri ndani yake.

Nne, fungua nyumba ya fyuzi uhakikishe kwamba fyuzi imo. Nunua nyingine mbili za akiba papo hapo, ili asitokee mtu wa kutafuta karatasi ya sigara usiku.

Tano, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na udai risiti. Alama yaweza kughushiwa, ndiyo maana tumeanza na waya, pini na fyuzi, ambavyo ni vigumu kuvidanganya mbele ya macho yako.

Ekstensheni nyingine zina kinga ya mshtuko wa umeme. Ndani yake kuna kidude kiitwacho varista, ambacho hulala kimya volti zikiwa za kawaida, lakini zikiruka ghafla hufungua njia na kuumwaga ule mshtuko usifike kwenye televisheni. Uwezo wake huandikwa kwa jouli. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo kinavyostahimili zaidi. Lakini kidude hicho huchakaa kwa kila pigo, kama fulana ya kuzuia risasi iliyokwisha kupigwa. Chagua yenye taa ya kuonyesha kwamba kinga ingali hai, na taa hiyo ikizimika hesabu kwamba umebaki na ekstensheni ya kawaida. Tena, pasipo ethi nzuri ukutani, sehemu kubwa ya kazi yake hupotea.

Neno kwa wale wanaorudi kutoka kozi za ng’ambo: ekstensheni yenye kinga iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiiunganisha na volti 240 kwa kutumia plagi ya kubadilisha, varista yake itafunguka papo hapo na kuungua. Zawadi hiyo iache hukohuko.

SIKWENSA NI NINI?

Sikwensa ni chombo cha kuwasha mitambo kwa zamu. Unabonyeza swichi moja. Soketi ya kwanza inapata umeme, baada ya muda mfupi ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya mwisho. Wakati wa kuzima, huanza na ya mwisho na kurudi nyuma hadi ya kwanza.

Zipo sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kwamba amplifaya kubwa, kwa nukta ya kwanza inapowashwa, huvuta umeme mwingi kupita kiasi chake cha kawaida, kwa ajili ya kujaza akiba iliyo ndani yake. Amplifaya nne kubwa zikiwashwa kwa pamoja zaweza kukata fyuzi ingawa hakuna kilichoharibika. Ya pili ni kuzilinda spika. Mashine inayotangulia, kama vile dikoda au mikisa, hutoa kishindo inapowashwa au kuzimwa. Amplifaya ikiwa tayari imewaka, hukikuza kishindo hicho na kukitupa katika spika, hata kikachana utando wake. Ndiyo maana amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Kwa bendi ya jeshi, kwa ukumbi wa mesi, kwa kanisa au msikiti wenye mitambo mikubwa, sikwensa ni chombo cha maana na fedha yake haipotei. Lakini kwa sebule yenye amplifaya moja na sabufa moja ni kumnunulia kuku zizi la ng’ombe. Kumbuka pia kwamba sikwensa nyingi hazirekebishi volti, na si zote zenye kinga ya mshtuko. Nyingi zina zile soketi za kila taifa tulizozitaja. Nayo pia hunywa kutoka plagi moja. Soketi zake nane hazikupi zaidi ya ampea 13 za ukutani. Sikwensa isingemwokoa yule mtoto aliyelala zuliani, kwa sababu kazi yake ni kupanga zamu. Waya mwembamba na pasi iliyosahauliwa si mambo yake.

Sikwensa ya sebule ni mkono wako. Nunua ekstensheni ambayo kila soketi ina swichi yake, uandike namba kwa kalamu ya wino mzito: 1 dikoda na DVD, 2 televisheni, 3 amplifaya, 4 sabufa. Wakati wa kuwasha, punguza sauti hadi chini, kisha bonyeza 1, 2, 3, 4 huku ukihesabu moja hadi tatu kati ya kila swichi. Wakati wa kuzima, punguza sauti tena, anza na 4 na kurudi hadi 1. Kazi yote haizidi nusu dakika.

UMEME UNAPOKATIKA NA KURUDI

Vyombo vingi hufa umeme unaporudi, wala si unapokatika. Volti zaweza kupanda na kushuka kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Kwa hiyo, mara giza linapoingia, zima swichi zote za ekstensheni, chomoa pasi na birika, uache taa moja tu wazi ili ikujulishe. Taa ikiwaka, ngoja dakika tano, kisha anza zamu yako.

Kwa nyumba ambayo wakubwa hushinda kazini, inafaa kununua gadi ya televisheni. Hiki ni chombo kidogo kinachokaa kati ya ukuta na ekstensheni. Volti zikipungua mno au kuzidi mno, hukata umeme, na zikirudi hungoja kidogo kabla ya kuuruhusu upite. Soma ampea zake, zisiwe chini ya hesabu ya vyombo vyako. Friji ipewe gadi yake, na isichomekwe katika ekstensheni ya sinema.

Ukiona taa za nyumba nzima zinang’aa kupita kawaida huku nyingine zinafifia, huenda waya wa kurudisha umeme umekatika mahali. Zima swichi kuu na upeleke habari mara moja kwa msimamizi wa kota au kwa UEDCL, shirika la serikali lililochukua kazi ya kusambaza umeme tangu tarehe 1 Aprili 2025.

HAKUNA EKSTENSHENI YA KUZUIA RADI

Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, nayo radi haina mzaha. Mwezi wa Juni 2011 ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Muuzaji akikuambia kwamba ekstensheni yake inazuia radi, mwache na maneno yake. Wingu linapojikusanya, kabla ngurumo hazijasogea, chomoa plagi ukutani na ufungue waya wa dishi nyuma ya dikoda, kwa kuwa radi hupita hata huko. Ikiwa ngurumo zimekwisha kukaribia, usiguse nyaya. Waweke watoto mbali nazo.

MPANGO WA FEDHA

Fedha ni chache, basi zitumike kwa utaratibu. Kwanza, mwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, aipime ethi ya soketi yako; ukikaa katika kota, peleka ombi kwa msimamizi. Pili, nunua ekstensheni moja ya kweli kwa ajili ya sinema. Tatu, pasi na birika zipate soketi yao ya ukutani, wala ekstensheni isichomekwe katika ekstensheni nyingine. Nne, gadi. Kinga ya mshtuko ifuate ikiwa ethi ni nzuri. Sikwensa iwe ya mwisho, tena kwa mwenye mitambo mikubwa tu.

Sajini yule alifuata mpango huo. Fedha za sikwensa zilitosha ekstensheni yenye waya wa 1.5, gadi, fyuzi za akiba, na ujira wa fundi aliyeongeza soketi ya pasi karibu na meza. Kilichobaki kilinunua daftari za shule. Sasa waya umelala wazi kando ya ukuta, na hakuna anayeona kwamba unaharibu uzuri wa sebule.

Jioni zile anapokuwa nyumbani, binti yake mkubwa husimama mbele ya kabati na kutoa amri kama afande wa gwaride: “Dikoda! Televisheni! Amplifaya! Sabufa!” Mdogo wake hubonyeza swichi kwa zamu, na sinema huanza. Usiku, kabla ya kulala, amri hutolewa kinyumenyume, na mama hupita mwenyewe kuitazama soketi ya pasi.

Ndugu msomaji, leo jioni sogeza kabati lako, uitazame ekstensheni iliyo nyuma yake. Iguse plagi yake: ikiwa ya moto, izime sasa, wala usingoje mwisho wa mwezi.